Kifumbu Kilichochuja Hopsi

Jumapili, baada ya sala ya Alasiri.

Mawingu yamelala juu ya Bagamoyo tangu asubuhi. Hayanyeshi wala hayaondoki. Nguo nilizoanika saa tatu bado zina unyevu, na bati la stoo, ambalo saa hizi kwa kawaida hulia kwa joto, limenyamaza kabisa.

Nimekaa stoo juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango nimeufunga kwa ndani, kompyuta iko mapajani. Mbele yangu, chini ya kanga kuukuu, zimepangwa chupa kumi na nane za bia niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Sentensi hiyo sijapata kuiandika mahali popote.

Blogu hii niliifungua nilipohitimu shahada ya sayansi ya chakula, nikiwa na lengo moja: mwajiri atakayetafuta jina langu akutane na maandishi yaliyonyooka. Leo nimeyasoma tena yote niliyokwisha kuyaweka humu. Ukaushaji wa dagaa. Usalama wa unga wa muhogo. Usafi wa vyombo vya jikoni. Yameandikwa vizuri, na ndani yake hamna mtu. Yanafanana na picha za pasipoti.

Haya ya leo siwaandikii waajiri. Majina ya watu nimeyabadilisha, ingawa nafahamu kwamba Bagamoyo ni mji mdogo na atakayetaka kutujua atatujua.

Miezi miwili iliyopita niliomba kazi katika kampuni changa ya kutengeneza bia jijini Dar es Salaam. Kampuni ile haikutaka wasifu mrefu. Kila mwombaji alitakiwa atengeneze bia kidogo nyumbani kwake, kisha aandike ripoti kuhusu hatua moja aliyoiboresha kwa ubunifu wake. Niliisoma barua hiyo mara nne. Nilikuwa nimekwisha kuomba kazi sehemu nyingi na kujibiwa na chache, na hapa palikuwa na watu waliotaka kuona ninachokijua badala ya ninayemjua.

Sisi ni Waislamu. Babu yangu alifundisha watoto Kurani chuoni, na nyumbani mwetu haijawahi kuingia chupa ya pombe. Nililijua hilo nilipoanza, na nikajiwekea kanuni ili nipate usingizi: nitaitengeneza lakini sitaimeza. Kila nilipoionja kupima ladha niliitema, nikasukutua mara tatu. Niliiona kanuni hiyo kuwa ya kutosha kwa sababu niliitunga mwenyewe.

Mama aliuliza mara moja tu ninapika nini stoo. Nikamjibu kwamba ninatafiti kinywaji cha nafaka. Akafurahi, akawaambia majirani kwamba binti yake anatengeneza togwa ya kisasa ya kuuzwa madukani. Nikamwacha aseme.

Kwa asiyeijua kazi hii, nitaieleza kwa kifupi, maana kilichotokea kimo ndani ya kazi yenyewe.

Kimea cha shayiri hulowekwa katika maji ya moto hadi kitoe utamu wake. Maji hayo matamu, ambayo hayako mbali sana na togwa, huchemshwa kwa saa moja pamoja na hopsi. Hopsi ni maua ya mmea fulani wa nchi za baridi; hukaushwa, husagwa, na hushindiliwa kuwa vidonge vya kijani. Hayo ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Yakichemka, vidonge husambaratika na kuwa matope ya kijani, na matope hayo ni lazima yachujwe kabla hamira haijatiwa. Mpaka hapo maji ya kimea bado si pombe. Hoja hiyo niliishikilia kama mtu anayeshikilia nguzo katika mafuriko.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita Mama alikwenda Mlingotini kuwaalika ndugu wa Baba. Alhamisi iliyokuwa ikifuata tungesoma hitma ya Baba, mwaka wa tatu tangu afariki. Nilikuwa peke yangu nyumbani, mchana kweupe, na sufuria yangu ya lita kumi ilikuwa imeshuka jikoni muda huo huo.

Chujio langu la waya liliziba kabla ya lita ya kwanza kuisha. Nikalisugua, nikarudia, likaziba tena. Nikachukua kitambaa cha shashi, kikapasuka katikati na matope yote yakarudi sufuriani. Maji yalikuwa yanapoa, na yakishapoa kila dakika inayopita wazi ni mwaliko kwa vijidudu. Nilijua kwamba vidonge vingine vya hopsi sitavipata, kwa kuwa hivyo nilitumiwa kwa basi na rafiki niliyesoma naye, na akanieleza wazi kuwa hana zaidi.

Ndipo nikakiona kifumbu.

Kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari wake kando ya mlango wa jiko la uani. Kifumbu kipya, kimefumwa kwa ukindu laini wa majani ya mkindu, chenye rangi ya zambarau ukingoni. Bi Kidawa ndiye aliyemfumia Mama, mahususi kwa ajili ya kukamulia tui la hitma.

Bi Kidawa ni jirani yetu, mlango wa tatu kutoka kwetu. Ni mjane. Yeye na Mama ni mashoga, marafiki wa kufa na kuzikana, tangu kabla sijazaliwa. Kwenye shughuli za watu wao wawili ni kama mtu mmoja mwenye mikono minne: Mama huchagua mchele na kusimamia chungu, Bi Kidawa hukuna nazi na kukamua tui. Watu wa hapa wanasema tui la Bi Kidawa hulijui kwa macho, unalijua kwa wali. Vilevile yeye ndiye anayefuma vifumbu, na mwanamke anayeolewa mtaani kwetu hahesabiwi kuwa ameandaliwa vyema kama katika vyombo vyake hamna kifumbu cha Bi Kidawa.

Nilikichukua. Nikamimina maji ya kimea kwa jagi, kidogo kidogo, na nikakamua kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka saba. Matope yakabaki ndani. Maji yakatoka safi, yenye rangi ya asali, hayana hata chembe. Nilisimama pale uani nikacheka peke yangu. Chuma cha dukani kilikuwa kimeshindwa, na ukindu wa Bi Kidawa ulikuwa umefanya kazi ile kwa robo saa.

Nilikisuuza mara tatu kwa maji baridi. Sikutumia sabuni wala maji ya moto, kwa sababu Bi Kidawa ametukataza tangu utotoni: sabuni huacha ladha, na maji ya moto huulegeza ukili, yaani ule mkanda wa ukindu uliosukwa. Nikakianika, nikakirudisha kwenye msumari wake, upande ule ule.

Jioni hiyo hiyo niliandika ripoti. Niliipa sehemu yake muhimu kichwa kirefu kuhusu matumizi ya chujio la asili la pwani. Nikaambatanisha na picha.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu mwenye shahada yangu hana ruhusa ya kulisahau. Utomvu wa hopsi, ule ulio mchungu, hauyeyuki vizuri katika maji baridi. Huyeyuka katika mafuta. Swali hilo lilikuja katika mtihani wangu wa mwaka wa pili na nililipata lote. Maji yangu baridi hayakuuondoa utomvu ule, yaliupitia juu tu. Ukabaki ndani ya nyuzi za ukindu, umetulia, ukingoja kitu chenye mafuta.

Na tui la nazi ni mafuta.

Alhamisi Mama na Bi Kidawa walikuwa wamefunga, kama wanavyofunga sunna kila Alhamisi kwa miaka yao yote ya ushoga. Kwa hiyo hakuna aliyeonja. Hawajawahi kuhitaji kuonja. Mimi nilikuwa hapo hapo, ninaosha vikombe, nilipomwona Bi Kidawa akinyanyua mkono na kukitoa kifumbu kwenye msumari. Kikombe kilinibaki mkononi. Nikajiambia: umekisuuza mara tatu. Nikaendelea kuosha vikombe.

Kama kuna sekunde moja ya maisha yangu ambayo ningependa kurudishiwa, ni hiyo. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno dogo tu, kwamba kifumbu hicho kimeanguka mchangani, tumia kingine.

Hitma ilisomwa vizuri. Baada ya dua masinia yakapelekwa barazani kwa wanaume, na sisi tukabaki uani tukiwasikiliza, maana mpishi hukaa na sikio lake mlangoni. Kwanza walisikika wakinawa mikono. Kisha nikasikia sauti ya ami yake Baba, mzee anayependa mzaha hata msibani, akiwauliza wenzake:

"Jamani, hitma hii ni ya marehemu au tumeletwa kutibiwa malaria? Wali huu una mwarobaini."

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameweka tonge lake kinywani.

Masinia yalirudi yakiwa na mashimo madogo pembeni, kama yaliyodonolewa na kuku. Samaki walikuwa wameliwa. Wali ulikuwa umebaki wote.

Shangazi Mwajuma, dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyeonja wa kwanza upande wa wanawake. Alitema kiganjani. Alimtazama Mama, akamtazama Bi Kidawa, kisha akauliza nazi zilitoka wapi. Nazi zilitoka kwake mwenyewe, Mlingotini. Akauliza nani amekamua. Macho yote yakamwendea Bi Kidawa. Akakiendea kifumbu kilipokuwa kimewekwa kando ya beseni, akakipindua nje ndani, akachokonoa kwa ukucha katika mshono wa chini.

Akatoa kitu cha kijani.

Kilikuwa kidogo, hakizidi punje ya mtama. Akakinusa. Akakionja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso wote.

"Wifi," alimwambia Mama, "hebu njoo uone. Majani haya yaliyosagwa ni ya nini katika kifumbu cha tui?"

"Wallahi kitu hicho sikijui," Bi Kidawa akasema.

"Hukijui, na kifumbu umekifuma wewe."

"Nimekifuma mimi, ndiyo. Lakini hicho sikijui, Mwajuma."

"Basi kimejitia chenyewe. Dawa siku hizi zina miguu."

Wanawake walikuwa wengi uani, na neno hilo lilipotoka nikawaona wakisogea nyuma, nusu hatua tu, kila mmoja kwa wakati wake. Dawa. Kwamba Bi Kidawa ameutilia dawa wali wa hitma ya marehemu. Hakuna aliyeuliza kwa nini angefanya hivyo. Neno likishasemwa, sababu watu huzitafuta wenyewe nyumbani kwao.

Mama alikuwa amesimama karibu na jiko, akikitazama kile cha kijani kwenye ukucha wa Shangazi. Hakusema kitu.

Nami sikusema kitu. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe safi.

Shangazi alikitia kifumbu katika mfuko wa plastiki, akaufunga mafundo mawili, akaondoka nacho hadi Mlingotini. Adhana ya Magharibi ilipoita, Bi Kidawa alikuwa amekwisha kwenda kwake. Mama alifuturu kwa wali ule ule. Nilimsihi aache, nimpikie uji. Alikula tonge baada ya tonge, polepole, hadi sahani ikawa nyeupe.

Tangu siku hiyo mambo yamekwenda kama niyaelezavyo. Jana kulikuwa na harusi Mlingotini ambayo Bi Kidawa alikwisha kualikwa kukamua tui. Jumatatu alitumiwa ujumbe kwamba asijisumbue, watu wametosha. Wanawake wawili wamerudisha vifumbu alivyowafumia. Hawakumkabidhi, waliviacha juu ya baraza yake kama mtu anayeacha paka asiyemtaka. Mama hajakanyaga mlango wa tatu. Alhamisi iliyopita, kwa mara ya kwanza katika umri wangu, mashoga wawili walifuturu kila mmoja chumbani kwake.

Mimi nimekuwa nikipima sukari katika bia yangu kila asubuhi na kuandika tarakimu katika daftari kwa mwandiko mzuri.

Leo saa nne asubuhi ikaja barua pepe. Nimebaki miongoni mwa waombaji wawili. Jopo limevutiwa mno na sehemu ya ripoti inayohusu chujio la asili. Jumatano nifike na chupa za mfano, na pia nije na chujio lenyewe, nioneshe namna linavyotumika.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu nilifurahi. Nauandika ukweli huo kwa sababu ni sehemu ya hesabu yangu. Nilifurahi, na wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ninahitaji kifumbu kipya, na anayeweza kunifumia ifikapo Jumatano ni mtu mmoja tu.

Nilikwenda. Nilivaa ushungi safi, nikaenda kumwagiza kifumbu Bi Kidawa.

Alikuwa amekaa mkekani peke yake, mikono mitupu. Sijawahi kumwona akikaa bila ukili mkononi.

"Shikamoo Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kama umetumwa na shangazi yako uje unipekue, anza uvunguni. Huko kuna vumbi, nami mgongo hauniruhusu kufagia."

Nilicheka, na yeye akacheka, na kicheko chetu kikaisha upesi. Alinipa maji. Aliulizia afya ya Mama kwa kumtaja jina lake la utotoni, ambalo wengine tuliobaki hatulitumii. Nikasema mzima. Nilikuwa ninatafuta mahali pa kuanzia lile agizo langu, yeye akanitangulia.

"Mwanangu, wewe umesomea vyakula. Watu wote wamenihukumu, ila hawakusoma. Wewe niambie tu, nilikosea wapi? Nimelala siku zote hizi ninaurudia ule ukindu mkononi. Niliukata mwenyewe, nikauchemsha, nikauanika, nikauchana. Ile rangi ya zambarau ni ile ile ya miaka yote. Nieleze, sitakasirika."

Alinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Kinywani nilikuwa na jibu lenye maneno machache sana. Nilikuwa nimekaa mbele ya mtu pekee duniani aliyestahili kulisikia, na hapakuwa na mwingine chumbani.

Nikamwambia ni ukungu.

Nilimwambia kwamba kitaalamu ukindu ukianikwa wakati wa unyevu huweza kuota ukungu wa kijani usioonekana kwa macho, na kwamba baadhi ya aina za ukungu zina uchungu. Nilitumia neno kitaalamu mara mbili. Sauti yangu haikutikisika. Nilikuwa nimejizoeza sauti hiyo kwa ajili ya usaili.

Uso wake ulilegea wote. Alishika kifua.

"Kumbe ni ukungu. Alhamdulillahi. Basi si mkono wangu." Alivitazama viganja vyake. "Nilianza kujiogopa, mwanangu. Niliogopa labda ninafanya mambo usingizini."

Kisha akaomba nimwandikie karatasi yenye muhuri, kwa kuwa shangazi yangu muhuri anauheshimu kuliko kiapo. Nikasema nitajitahidi. Akainuka, akafungua mlango wa chumba cha nyuma, akanionesha ukindu wake wote. Ulikuwa umechanwa, umetiwa rangi, umefungwa matita. Ni kazi ya miezi. Umeanikwa pamoja, alisema, kwa hiyo kama ule ulikuwa na ukungu, huu nao unao. Hawezi kumfumia mtu kwa ukindu wa namna hiyo hata akibembelezwa.

Aliubeba hadi kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Akasema kesho jua likitoka atautia moto.

Yalikuwa matita manne. La pili nililibeba mimi.

Aliniaga mlangoni akiahidi kwamba akipata ukindu mpya, kifumbu cha kwanza atanifumia mimi, kwa kuwa nimemwondolea mzigo.

Njiani sikulia. Nilijaribu, maana nilidhani ingenisaidia. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa uani, amekaa juu ya kibao cha mbuzi, anachagua mchele katika ungo. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia yote. Stoo, kimea, hopsi, kifumbu, Jumatano. Nilisema haraka kama mtu anayetapika, nikafumba macho nikingoja kofi.

Mama alisema tu, "Rudishia mlango wa uani."

Nikaurudishia.

"Nilijua tangu tonge la kwanza," akasema. Vidole vyake havikuacha kuchagua. "Unadhani harufu ya stoo yangu mwenyewe inanipotea? Nilikuwa naisikia puani wiki nzima, na usiku ule nikaikuta ulimini."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Niwaambie watu hitma ya baba yako imekamuliwa kwa kifumbu cha pombe, na aliyeifanya ni binti yake? Dawa watu wataisema mwaka mmoja, wachoke. Hilo la pombe watalisema mpaka siku watakayonisomea hitma mimi."

"Na Bi Kidawa?"

"Kidawa ni mtu mzima. Amekwisha kupitia makubwa."

"Lakini hata mlangoni kwake huendi, Mama."

Hapo vidole vikasimama.

"Niende na uso gani?"

Nilikuwa nimedhani kwamba Mama amemkasirikia shoga yake. Kumbe siku zote hizi alikuwa anamkimbia. Alifuturu kwa ule wali mchungu akiwa amekwisha kujua, na akaula wote, na sasa naelewa alikuwa anajiadhibu kwa nini.

"Jumatano nenda kwenye kazi yako," aliniambia mwishoni, akiupepeta ungo. "Ukiipata, nyamaza. Ukiikosa, nyamaza vilevile. Nimesema."

Nilikuwa nimekwenda kwake kutafuta adhabu. Nimerudi stoo nikiwa na ruhusa, na ruhusa hii ni nzito kuliko kofi lolote. Mtu ninayemwamini kuliko wote amenipima pamoja na shoga yake wa maisha, akanichagua mimi. Ametuchagua sisi. Nami nikikubali, nitakuwa na kazi, nitakuwa na mama, na mlango wa tatu kutoka kwetu atakuwepo mwanamke anayesubiri karatasi yenye muhuri.

Barua pepe ya kampuni sijaijibu. Sijui kama nitaijibu.

Naufikiria sana ule utulivu wa sauti yangu niliposema ukungu. Hopsi ilikuwa ajali; ningeweza kuisamehe siku moja. Ile sauti haikuwa ajali. Niliijenga kwa miaka minne nikiwa chuo, darasa kwa darasa, ili watu waniamini, na mtu wa kwanza kuniamini kikamilifu ni yule niliyemwangamiza.

Nilikuwa nimekusudia kumalizia hapa kwa kuandika kwamba kesho, nikiamka, nitakwenda kumwambia. Nilikwisha kuitunga sentensi hiyo. Ilikuwa nzuri.

Lakini bati la stoo limelia.

Limelia tena. Ni matone makubwa, yaliyoachana, yale yanayotangulia mvua yenyewe. Ukindu uliokwisha kuchanwa na kutiwa rangi ukilowa shimoni, haufai tena kwa kitu chochote. Kesho jua litakuta takataka za kweli, na uongo wangu utakuwa umetimia wenyewe.

Ninaandika mistari hii ya mwisho nikiwa nimesimama. Kutoka hapa hadi lile shimo ni milango mitatu. Mama yuko uani, anaanua nguo. Ataniona nikipita, na sitasimama.

Nitaanza na tita la pili. Nililibeba mimi kulitupa, nami ndiye nitakayelirudisha. Bi Kidawa atasikia hatua zangu, atafungua mlango wa nyuma, ataniuliza kwa nini ninauingiza ndani ukindu wenye ukungu.

Nitakuwa nimelowa, mikono imejaa, na sitakuwa na jibu jingine la kumpa ila lile la kweli, lenye maneno machache.